Simu Yako Haikufa Mfukoni, Ilifia Ofisini

Juzi niliweka vidio fupi nikionyesha simu ya 2016 ikiendesha Android mpya kuliko yoyote ambayo kampuni iliyoitengeneza iliwahi kuitumia. Nilidhani nitaulizwa nimefanyaje. Wapi! Nusu ya waliojibu waliniambia ninunue tu simu mpya niache kujitesa. Hao nawasamehe, si kila mtu huamka akihesabu nauli. Nusu ya pili ndiyo imenifanya niandike haya yote. Waliniambia huo ni udukuzi, ati mfumo wa simu ni mali ya kampuni na mimi nimeuchezea kama mwizi anavyochezea kufuli ya duka usiku.

Sasa, mimi si msomi. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Lakini historia hii naijua kwa sababu niliisoma usiku baada ya usiku kwenye kioo cha inchi tano, na kwa sababu kuna mtu niliyemuumiza wakati nilikuwa sijaisoma vizuri. Nitafika huko. Tulieni kwanza.

Wengi hufikiri mambo ya kubadilisha mfumo wa simu yalianza na Android. Hapana. Kabla ya Android kulikuwa na simu za Windows Mobile, zile kubwa za kalamu, nyingi zikitengenezwa na HTC ya Taiwan lakini zikiuzwa kwa majina ya kampuni za mtandao wa simu. Moja iliitwa O2 XDA. Wapenzi wa simu hiyo walianzisha mahali pao pa kukutania, wakapaita XDA Developers, na jina limebaki mpaka leo ingawa simu yenyewe ilishasahaulika. Walichokuwa wakifanya ni kufungua faili ya mfumo, kutoa takataka zote zilizowekwa na kampuni ya mtandao, kutia wanavyotaka, kisha kuifunga tena na kuirudisha kwa simu. Kazi hiyo waliita kupika, na programu zao za kufanyia waliita jiko. Chakula chenyewe kikaitwa romu. Hilo jina huwa linanichekesha, maana asili yake ni hifadhi ya kusomwa tu, isiyoandikwa juu yake. Yaani kitu ambacho kila mtu anakiandika upya kinaitwa kisichoandikika.

Halafu ikaja G1. Google ilinunua kampuni ndogo ya Android mwaka 2005, ikautangazia ulimwengu mfumo huo Novemba 2007, na simu ya kwanza, T-Mobile G1 iliyotengenezwa na HTC, ikaanza kuuzwa Marekani Oktoba 22, 2008. Kumbukeni jambo moja hapa kwa sababu kesi yote imesimama juu yake. Kiini cha Android ni Linux, ile kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na leseni yake inasema ukimpa mtu programu hiyo, lazima umpe pia msimbo wake. Sehemu nyingine kubwa ya Android, Google wenyewe waliiachilia kwa leseni ya Apache, inayomruhusu yeyote kuichukua, kuibadilisha na kuigawa. Hakuna aliyeiba kitu. Mlango uliachwa wazi na mwenye nyumba, tena akaweka kibao: karibuni.

Lakini kuna wazi ya msimbo na kuna wazi ya simu. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Msimbo wa G1 ulikuwa wazi, ila simu yenyewe, ukishainunua, haikukubali uingie ndani kwa mamlaka ya juu, yale mamlaka ambayo kwenye Linux huitwa ruti. Ulikuwa mpangaji kwa nyumba uliyolipa yote.

Mpaka kosa moja la kuchekesha lilipogunduliwa wiki chache tu baada ya simu kutoka. Jamaa mmoja alikuwa akichati na mpenzi wake. Simu ilizima ikawaka. Mpenzi akauliza mbona kimya. Jamaa akaandika neno moja, reboot, yaani nilikuwa nawasha simu upya. Simu ikazima tena! Kumbe watengenezaji walikuwa wamesahau kitu. Kila herufi uliyoandika kwa kibodi ya G1 ilienda sehemu mbili: kwa kioo unachokiona, na kwa mtambo wa amri uliokuwa ukikimbia chinichini kwa mamlaka ya ruti. Ukiandika neno ambalo ni amri, simu inatii. Hebu fikirieni. Ungeweza kuharibu simu yako kwa kumwandikia mtu meseji isiyo na bahati.

Google waliziba tundu hilo haraka kwa sasisho la Novemba. Na hapo ndipo historia inaanza kunoga, kwa sababu kulikuwa na watu ambao hawakutaka lizibwe. Walirudisha simu zao kwa toleo la zamani lenye kosa, wakaingia ndani, kisha mmoja wao aliyejiita JesusFreke akatengeneza toleo lake la sasisho lile lile la Google, likiwa na maboresho yote, ila mlango wa ruti ukiwa wazi kwa mwenye simu. Hiyo ndiyo romu ya kwanza ya Android iliyovuma. Hakuwa na nia ya kuvuruga. Alitaka usalama mpya na uhuru wa zamani kwa wakati mmoja. Alipopumzika mwaka 2009, watu wake wengi wakahamia kwa mpikaji mwingine, Steve Kondik, aliyejulikana mtandaoni kama Cyanogen. Kazi yake ikaitwa CyanogenMod.

Kwa nini watu waliikimbilia? Si ushamba wala sifa. G1 ilikuwa na nafasi ndogo sana ya programu, kama megabaiti 70 hivi, na Android ya wakati huo haikuruhusu programu kukaa kwa kadi ya kumbukumbu. Google waliruhusu hilo Mei 2010 na toleo la 2.2. Watumiaji wa CyanogenMod walikuwa wakifanya hivyo tangu 2009. Kitu ambacho kampuni kubwa ilikuwa bado inakipanga kwa mikutano, watu wa usiku walikuwa wameshakipika na kukigawa bure.

Septemba 2009 Kondik alipata barua ya mawakili wa Google. Acha mara moja. Wengi walidhani hapo ndipo mwisho. Lakini ukisoma kilichokuwa kinabishaniwa, Google hawakulalamikia mfumo. Walilalamikia programu zao wenyewe zilizokuwa zimepakiwa ndani ya romu: soko la programu, Gmail, ramani, YouTube. Hizo haziko chini ya leseni ya wazi, ni za Google na Google pekee. Suluhisho lililopatikana lilikuwa rahisi. Kondik aliondoa programu hizo zote, na mwenye simu akawa anahifadhi nakala za zile zilizokuja na simu yake mwenyewe, kisha anazirudisha baada ya kuweka romu. Sasa nyinyi mnaoniita mwizi, hii ndiyo kesi yenu, na ilikwisha zamani. Msimbo ni wa wote. Programu za Google ni za Google. Mpaka uko hapo na watu waliuheshimu.

Na mwezi wa Julai 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo ndiyo hupitia sheria yao ya hakimiliki kila baada ya miaka mitatu na kutoa ruhusa maalum, ilisema kufungua simu yako ili uweke programu unazotaka si kuvunja sheria hiyo. Apple walikuwa wamepinga sana. Walishindwa. Ni sheria yao, si yetu, lakini neno "udukuzi" mnalonirushia mlilitoa huko huko.

Turudi nyumbani kidogo. Mwaka 2011 mwanzoni, Safaricom walileta Huawei IDEOS. Kama ulikuwa Kenya unaikumbuka: kisimu kidogo cha kioo cha inchi 2.8, Android 2.2, bei karibu shilingi elfu nane. Simu nyingine za Android wakati huo zilikuwa za watu wa magari. IDEOS ndiyo iliyomfanya konda, mwalimu na muuza nguo za mtumba waguse Android kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Binamu yangu alikuwa nayo, na alikuwa akinipa nishike kwa dakika tano kama zawadi ya kumletea maji ya kuoga.

Siku moja alikuja na IDEOS ile ile lakini ikiwaka tofauti, kwa mchoro wa duara na mshale wa samawati ukizunguka. "Nimeipeleka Gingerbread," akasema, kana kwamba ni safari. Nilidhani ni mahali. Ilikuwa Android 2.3, na kilichoipeleka kilikuwa CyanogenMod 7, iliyotoka Aprili 2011. Simu ya bei ya chini kabisa, iliyouzwa upande huu wa dunia, ilikuwa na mtu mahali fulani aliyekesha akiipikia mfumo bila kulipwa hata shilingi. Hilo bado hunigusa. Watengenezaji walikuwa wameshahamia simu inayofuata, lakini kuna mtu asiyetujua aliamua kwamba IDEOS ya binamu yangu bado ina maisha.

Kuna simu nyingine nisiyoweza kupita bila kuitaja, HTC HD2. Ilitoka mwishoni mwa 2009 na Windows Mobile 6.5, mfumo uliokuwa tayari unakata roho. Wapishi wakaichukua. Waliiwekea Android, toleo baada ya toleo. Waliiwekea Windows Phone 7, ambayo Microsoft wenyewe hawakuipa. Waliiwekea mpaka Ubuntu. Simu iliyozaliwa kwa mfumo unaokufa iliishi kuliko wenzake wote. Ukitaka kujua kama "haiwezekani" ya kampuni ni kweli, kumbuka HD2.

Bila shaka kampuni hazikukaa tu zikitazama. Simu ikiwaka, kuna kipande kidogo cha programu kinachoamka kwanza kabla ya Android yenyewe. Kinaitwa butiloda. Kazi yake ni kuangalia mfumo ulioko na kuamua kama utaruhusiwa kuamka. Ukitia kufuli hapo, romu zote duniani hazina maana. Motorola walikaza sana kwenye simu zao za 2010. HTC nao walianza kukaza, watu wakapiga kelele, na Mei 2011 mkuu wa kampuni, Peter Chou, akatangaza kwamba hawatafunga tena. Samsung kuanzia 2013 walikuja na ujanja wa kudumu zaidi: ukiweka mfumo usiotambulika, kuna fyuzi ndogo ndani ya chipu inayoungua, na haiungani tena hata ukirudisha mfumo wa kiwandani. Simu inakumbuka milele kwamba uliigusa.

Sasa nifike kwa lile nililowaahidi, kwa sababu nisipolisema nitakuwa nawadanganya kwamba kufuli ni ubaya mtupu.

Chuoni nilijulikana kama fundi wa hosteli. Shilingi mia tatu, mia nne, nakuflashia simu. Kwa wadogo zangu: zamani kuflash kulimaanisha kumpigia mtu na kukata ili akupigie yeye, lakini kwa mafundi ni kumimina mfumo mpya ndani ya simu. Kompyuta nilikuwa naazima. Nilikuwa na kiburi cha mtu anayejua hatua zote bila kujua sababu za hatua hizo. Rafiki yangu mmoja wa kozi akaniletea simu yake, ilikuwa nzito, inajiganda, hifadhi imejaa. Nikamwambia nipe nusu saa. Nikafungua butiloda. Kwenye kioo kulikuwa na onyo, kama kawaida, nami nikabonyeza ndiyo, kama kawaida.

Kufungua butiloda kunafuta kila kitu kwa simu. Hilo si kosa, limepangwa. Kama lisingekuwepo, mwizi wa simu stejini angefungua butiloda, akaweka mfumo wake, akasoma picha zako na meseji zako zote. Kwa hivyo simu inasema: sawa, fungua, lakini kwanza nachoma kilichomo. Mimi nilijua hivyo. Sikumwambia. Kwangu mimi simu zilikuwa tupu, maana zangu zilikuwa tupu. Yake ilikuwa na picha na sauti za babake, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Sauti za WhatsApp, mzee akimsalimia kila Jumapili asubuhi. Hakuwa na nakala mahali popote.

Nilimpeleka mimi mwenyewe kwa mafundi wa Luthuli Avenue. Fundi mmoja mzee kidogo aliishika ile simu, akaniuliza nilichofanya, nikamweleza. Akairudisha mezani taratibu. "Kijana, hii imesimbwa. Ufunguo ulifutika na wewe. Hapo ndani sasa ni kelele tu." Hakutaka hata pesa ya kuangalia. Rafiki yangu hakunigombeza. Alichukua simu yake, nyepesi, mpya, haraka kama upepo, akaenda.

Ndiyo maana nikaanza kusoma. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba swali la kufuli halina upande mmoja. Kufuli ya kumzuia mwizi ni nzuri. Kufuli ambayo mwenye simu hapewi ufunguo wake, hata akiuomba kwa jina lake na risiti mkononi, hiyo si ya mwizi. Hiyo ni ya kwako wewe.

Kosa jingine nililofanya zamani hizo lilikuwa la simu yangu mwenyewe, na hili natumaini litamwokoa mtu. Simu nyingi tunazotumia hapa zina chipu za MediaTek. Programu ya kuziflash ina chaguo la kufuta kila kitu kabla ya kumimina. Usiliguse. Ukifuta kila kitu unafuta pia sehemu inayobeba IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na simu inawaka vizuri kabisa ila haioni mtandao. Wakenya tunaijua IMEI kwa sababu mwisho wa Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano iliamuru simu bandia zizimwe, zaidi ya milioni moja zikanyamaza, na nchi nzima ikajifunza kubonyeza *#06#. Mimi nilibonyeza na kuona sufuri. Wiki mbili sikuwa na simu.

Haya, CyanogenMod iliishia wapi? Iliishia kwa pesa, kama vitu vingi. Mwaka 2013 Kondik na Kirt McMaster walitangaza kampuni, Cyanogen Inc., yenye pesa za wawekezaji. Kwa muda ilionekana kama ushindi wa wanyonge. Simu ya OnePlus One ya 2014 ilitoka kiwandani ikiwa na mfumo wao. Mwezi wa Januari 2015 McMaster akawa anasema hadharani kwamba wanataka kuinyang'anya Google Android. Huku wameshampa kampuni nyingine, Micromax, haki ya pekee ya kutumia Cyanogen nchini India, ambako OnePlus nao walikuwa wanataka kuuza. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Delhi Desemba 2014, na urafiki ukaisha. OnePlus wakajitengenezea mfumo wao. Kondik mwenyewe aliondoka Novemba 2016. Desemba kampuni ikatangaza kwamba huduma zote na kazi ya kutoa romu kila usiku zitakwisha kabla ya tarehe 31.

Siku ya Krismasi 2016 seva za mradi zilikuwa hazipatikani tena. Lakini siku moja kabla, wale wapishi wa kujitolea, ambao hawakuwa wamewahi kulipwa, walitangaza kwamba wamechukua msimbo wote na kuendelea kwa jina jipya, LineageOS. Kampuni yenye mamilioni ya dola ilikufa. Msimbo haukufa, kwa sababu leseni ilikuwa haijamruhusu mtu yeyote kuuzika. Januari 2017 romu za kwanza za LineageOS zilikuwa tayari zinapakuliwa. Ndiyo iliyo kwenye simu yangu ya ile vidio.

Sasa mbona simu ya 2016 isipate sasisho kutoka kwa mwenyewe aliyeitengeneza? Jibu ni refu kuliko "wanataka ununue nyingine," ingawa hilo nalo limo. Chipu ya simu inakuja na programu zake za siri, za kamera, za mtandao, za kioo, na hizo anazo mwenye chipu, si mwenye jina lililoko mgongoni mwa simu. Mwenye chipu akisema amemaliza na chipu hiyo, mtengenezaji wa simu anabaki mikono mitupu, au anasema hivyo. Google walijaribu kupunguza shida hii mwaka 2017 na Android 8, kwa mpango ulioitwa Treble, uliotenganisha sehemu ya chipu na sehemu ya Android ili ya juu ibadilishwe bila kugusa ya chini. Ulisaidia. Mpaka wapishi wakafaidika, maana sasa unaweza kuchukua mfumo mmoja wa jumla na kuujaribu kwa simu nyingi za kampuni tofauti, hata zile za bei nafuu ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzipikia.

Lakini angalieni Fairphone, kampuni ndogo ya Uholanzi. Fairphone 2 yao ilitoka 2015 na Android 5. Mwenye chipu aliacha kuishughulikia mapema. Fairphone hawakukunja mikono. Walichukua kazi iliyofanywa na watu wa LineageOS, wakaijengea juu yake, na mwaka 2021 wakaitumia simu hiyo Android 9 rasmi. Waliendelea nayo mpaka 2023. Kampuni ndogo kabisa, ikisaidiwa na wapishi wa bure, ilifanya kitu ambacho majitu yenye majengo ya ghorofa hamsini yalisema hakiwezekani.

Na tazameni jinsi maneno yalivyobadilika baada ya hapo. Oktoba 2023 Google wakaahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8. Kuanzia Juni 20, 2025 Umoja wa Ulaya unadai simu mpya zinazouzwa huko zipate masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5 tangu zilipoacha kuuzwa. Mbona iliwezekana ghafla? Mimi nasema ni kwa sababu kwa miaka kumi na zaidi kulikuwa na watu waliokuwa wakionyesha, simu baada ya simu, kwamba inawezekana.

Sisi huku tunakutana na jambo hili mwishoni mwake. Simu iliyotumiwa Ulaya miaka minne inakuja Nairobi ikiwa imesafishwa vizuri, na kioo kipya, na muda wake wa masasisho umebakia kidogo au umekwisha. Unailipia pesa ya miezi miwili. Siku WhatsApp ikisema haiungi mkono tena Android hiyo, kioo bado kinang'aa, betri bado inashika, kamera bado inapiga. Hakuna kilichoharibika mfukoni mwako. Mtu ofisini aliweka tarehe. Na kwa mwenye simu ya kulipa kidogo kidogo, ile inayojifunga ukikosa malipo, anamaliza deni kabla ya kugundua kwamba sasisho la mwisho lilikuja akiwa bado anadaiwa nusu.

Vita vya sasa si vya butiloda tena. Ni vya programu za pesa. Google wana mtambo unaoziambia programu kama simu iko jinsi ilivyotoka kiwandani au imebadilishwa. Programu ya benki ninayotumia ikiuliza na kupata jibu la pili, inafunga mlango. Simu yangu ya LineageOS ina viraka vya usalama vya mwezi huu. Simu ya zamani ya mamangu ina mfumo wa kiwandani na haijapata kiraka tangu 2021. Benki inaiamini ya mama. Nilijaribu kumweleza hili dada wa huduma kwa wateja, akanisikiliza kwa heshima kabisa, kisha akanishauri niirudishe simu jinsi ilivyokuwa. Kwa hivyo natembea na simu mbili: moja ya pesa, moja ya kazi. Vidio zangu zote natengenezea kwa hiyo ya kazi.

Mwezi uliopita yule rafiki yangu alinitafuta. Miaka imepita. Ana simu nyingine, ya mtumba, imekwama kwa toleo la zamani, na akaniuliza kama bado nafanya ile kazi. Nilikaa na meseji yake saa nzima kabla ya kujibu. Alipokuja nilimwambia mambo kwa mpangilio: kwamba kila kitu kitafutika, kwamba benki yake huenda ikamkatalia, kwamba anaweza kusema hapana na tukanywa chai tu. Akasema anataka. Tukatoa flashi mbili, si moja, tukahamisha picha na sauti na meseji, kisha nikamwomba afungue faili kumi yeye mwenyewe, ovyo ovyo, aone kama zinafunguka. Alifungua ishirini. Ndipo nikagusa butiloda, na lile onyo lilipotokea kwa kioo nikampa simu abonyeze yeye.

Jambo la mwisho. Natafuta IDEOS. Kama kuna mmoja amelala kwa droo ya nyumbani kwenu, hata kioo kiwe kimepasuka, niandikie. Betri nitajitafutia.